Barua Niliyoikalia

Kaka yangu alikuwa na digrii ya kilimo. Siku aliyoniambia kwamba anataka kurudi chuo kikuu kusoma sheria, nilikuwa nimeinama kwenye karai nageuza samaki, na sikuinua kichwa.

"Kaka, si ulishamalizaga chuo?" nikamwuliza.

"Nilimaliza kimoja."

"Kwani vinahesabiwa?"

Alicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshaanza kuogopa, na hofu hiyo ndiyo iliyozaa haya yote ninayoyaandika.

Tulikuwa tunaishi Musoma, vyumba viwili vya kupanga karibu na soko. Mimi niliishia darasa la saba. Niliolewa, nikazaa watoto wawili, mume wangu akaenda kwenye machimbo ya dhahabu na hakurudi wala hakutuma neno. Kwetu ni upande wa Kibara, kijiji cha kando ya ziwa, na mwanamke aliyeachwa namna hiyo hurudi uwanjani, kwenye boma la baba yake, akapewa kona. Nilikaa kwenye kona hiyo mwaka mzima. Shangazi yetu, dada mkubwa wa baba, naye alikuwa amerudi nyumbani baada ya kufiwa, na yeye ndiye aliyeshika mila za nyumba yetu. Hakunitukana hata siku moja. Alikuwa akisema tu, kila nikinyoosha mkono kwenye ugali, "Mega, mama, mega. Mwenye kukulisha yuko dhahabuni." Wanawake wote wakacheka, nami nikacheka nao.

Kaka alipokuja likizo akayasikia maneno hayo mara moja tu. Kesho yake alinichukua mimi na wanangu akatuleta Musoma. Hakuwa ameoa. Nilimpikia, nilimfulia, na kila Ijumaa nilipita ofisini kwao, idara ya kilimo, kumchukulia barua, kwa sababu alitumia sanduku la posta la ofisi. Tarishi wa pale alinizoea, akawa ananitania kwamba mimi ndiye afisa wa barua wa mkoa.

Ilikuwa miaka ya shida. Sabuni ilipatikana kwa foleni na sukari kwa kujuana. Kaka alikuwa mtaalamu wa pamba. Alizunguka Bunda na Nyamuswa mpaka huko kwetu Kibara kwa pikipiki ya serikali, akiwahimiza watu kung'oa mashina baada ya mavuno na kuyachoma. Kisha dawa za pamba zikaacha kuja. Kisha pamba yenyewe ikalala kwenye maghala. Kisha ikaja ruksa ya kila mtu kufanya biashara, maduka yakajaa, mitumba ikamwagwa chini sokoni mtu akachagua anachotaka, na ofisi zikaanza kupunguza watu. Kaka alikuwa katika kundi la kwanza. Aliirudisha pikipiki, akaja nyumbani kwa miguu na helmeti mkononi, maana helmeti alikuwa ameinunua mwenyewe. Aliiweka juu ya kabati na hakuigusa tena.

Sheria ilimwingia kwa njia ya shamba la baba. Wakati wa vijiji vya ujamaa tulihamishwa tukapewa mashamba yaliyokuwa ya ukoo mwingine. Baba alilima pale miaka mingi, akapanda mihogo na pamba, akazika watoto wawili pale. Ruksa ilipokuja, mtoto wa mwenye shamba wa zamani alifungua kesi, akashinda mahakama ya mwanzo. Baba akakata rufaa. Mwenzake akaja na wakili aliyevaa suti. Baba hakuelewa hata anachoulizwa. Kaka, aliyekuwa amekaa nyuma, akasimama ili amsaidie.

Hakimu akamwuliza, "Wewe ni nani katika shauri hili?"

"Mimi ni mtoto wake, mheshimiwa."

"Kaa chini, mtoto."

Watu wakacheka. Kaka wakati huo alikuwa na mvi. Shauri likaahirishwa, na likaendelea kuahirishwa. Kaka aliporudi nyumbani alinisimulia yote, kisha akasema, "Mimi naweza kumwambia hakimu shamba lile lina rutuba kiasi gani na litatoa magunia mangapi. Siwezi kumwambia ni la nani."

Ndipo akaanza kuulizia. Akaja na fomu. Akanieleza kwamba mtu mwenye digrii haombi kama mtoto wa kidato cha sita; kuna mlango wa pembeni kwa watu waliokwisha kusoma kitu kingine, ila nafasi ni chache sana na waombaji wanatoka nchi nzima. Serikali haimsomeshi mtu mara mbili, kwa hiyo angejisomesha kwa kiinua mgongo chake.

"Pesa hii ikikaa mjini mwaka mmoja itakwisha kwa mafuta ya taa," alisema. "Nikienda mwaka huu itanifikisha. Nikikosa mwaka huu, nimekosa."

Hakuniambia mimi na watoto tungekaa wapi. Nadhani alidhani najua. Nyumba ya kupanga ingerudishwa, nami ningerudi Kibara kwenye kona yangu mpaka amalize. Kwake hiyo ilikuwa miaka michache. Mimi nilikuwa naisikia sauti ya shangazi.

Nilimsaidia hata hivyo. Nisije nikajisingizia ubaya ambao sikuwa nao wakati huo. Vyeti vyake vilipigwa chapa upya herufi kwa herufi, kisha tukavipeleka mahakamani vigongwe mhuri kwamba ni nakala za kweli. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Karani alipovichukua alisoma, akamtazama kaka, akasoma tena.

"Digrii ya kilimo," akasema. "Na sasa unataka sheria. Bwana mkubwa, mihogo imekukosea nini?"

"Mihogo haijanikosea, ndugu yangu. Ni nyinyi."

Karani akacheka mpaka akavua miwani, akagonga mhuri kwenye karatasi zote bila kuuliza neno jingine.

Ilihitajika pia barua ya mtu wa heshima anayemfahamu. Kaka alimfahamu hakimu mmoja mstaafu wa Butiama ambaye zamani alikuwa na shamba la mfano la pamba. Tulikwenda pamoja, mimi nimebeba sato wakavu kwenye kikapu, kwa kuwa huwezi kwenda kuomba barua mikono mitupu. Tulimkuta zizini anampaka ng'ombe dawa ya kupe. Hakuacha kazi yake.

"Umesoma udongo miaka mingapi?" akamwuliza kaka.

"Mitatu chuoni, mzee. Na kazini kumi na tatu."

"Udongo unasemaga uongo?"

"Hausemi."

"Basi baki huko. Mahakamani kila mtu anasema uongo, na wewe wakili ndiye wa kuupanga ukae vizuri." Akamgeukia yule ng'ombe, akampiga kofi la paja ageuke. "Shemeji, hao samaki ni wa Kibara?"

Aliniita shemeji kwa sababu alidhani mimi ni mke. Kaka akamwambia ni dada yake. Mzee akaniangalia vizuri, akasema, "Basi huyu ndiye ataumia." Kisha akaingia ndani, akanawa, akaandika barua nzuri ya Kiingereza kwa mkono, kurasa mbili.

Tukiwa njiani nilimwuliza kaka mzee ameandika nini.

"Kwamba nina hasira ya kutosha, na subira ya kutosha."

Sikuwahi kumwona na furaha kama ile siku. Aliisoma barua ile mpaka tukafika Musoma, na mimi nilikaa kando yake natafuna lile neno la mzee.

Fomu zikatumwa. Kuanzia hapo kila Ijumaa nilipokwenda ofisini, ambako walimwachia aendelee kutumia sanduku lao, nilikuwa na mioyo miwili. Tarishi akisema, "Leo hamna kitu, afisa," nilirudi nyumbani mwepesi, nikapika vizuri. Kaka alinisoma usoni kabla sijasema. "Bado?" "Bado." Akarudi kwenye vitabu vya zamani alivyoazimwa na yule mzee.

Baba akafariki kabla jibu halijaja na kabla rufaa haijaisha. Aliugua siku nne tu. Tukaenda Kibara wote, tukamzika kwenye shamba lile lile lenye kesi.

Kwetu mtoto mkubwa wa kiume akifiwa na baba hatoki uwanjani mpaka watu wanyolewe nywele. Anakaa kando ya moto wa msiba. Haendi ziwani, hashiki jembe, hashiki karatasi. Anaambiwa pole na si kitu kingine. Habari mpya yoyote, iwe nzuri au mbaya, inangoja nje ya uwanja. Kaka alikuwa amesoma mpaka chuo kikuu lakini alikaa pale na blanketi mabegani kama mtu yeyote, kwa kuwa baba ni baba.

Jumatano, siku ya tatu ya msiba, tarishi alifika kutoka Musoma na rambirambi za watu wa ofisini. Alipomaliza kutoa pole alinivuta kando, nyuma ya jiko. Akatoa bahasha mfukoni.

"Afisa, hii imekuja jana. Nimeona muhuri wa chuo nikasema nisiiache. Kaka yako sithubutu kumsogelea pale. Utampa wewe."

Nilikwenda kwa shangazi, aliyekuwa ameketi chini na wanawake wenzake.

"Shangazi, kuna barua ya kaka. Ya chuo."

"Ya heri au ya shari?"

"Sijui. Nadhani ya heri."

"Basi ndiyo mbaya zaidi. Heri haiingii uwanja wenye moto. Ikiingia, marehemu anaondoka nayo." Akanikazia macho. "Weka. Tukishanyoa, mpe."

"Tunanyoa lini?"

"Jumamosi."

Shangazi alisema alichokijua. Hakujua kusoma. Hakujua kwamba barua inaweza kuwa na siku yake ya kufa. Mimi nilijua, kwa sababu niliifungua.

Niliifungua pale pale nyuma ya jiko, kwa uangalifu, kwa mvuke wa sufuria ya maji. Kiingereza changu ni cha shule ya msingi, lakini niliona jina la kaka, na neno la sheria nililifahamu kwa kuwa alikuwa amelitaja mara nyingi, na niliona neno la kufurahi. Chini kulikuwa na tarehe iliyopigiwa mstari. Miezi ya Kiingereza naijua yote. Nilihesabu kwa vidole. Ilikuwa Ijumaa ya wiki inayofuata. Mtu anayesema "tunafurahi" halafu anapiga mstari chini ya tarehe, anataka jibu kabla ya tarehe hiyo. Huhitaji kwenda sekondari kulijua hilo.

Nikaifunga tena kwa ugali wa moto, kama tulivyokuwa tukifunga bahasha shuleni, nikaitia kwenye sanduku langu la nguo.

Nilijiambia Jumamosi si mbali. Angenyolewa Jumamosi, Jumatatu angekuwa Bunda, angepiga simu ya maandishi, ingefika kabla ya Ijumaa. Sikuwa nimefanya ubaya. Nilikuwa nimefuata mila na kufungua bahasha tu.

Ijumaa asubuhi mke wa baba mdogo, aliyekuwa akiumwa muda mrefu nyumba ya pili katika uwanja ule ule, akakata roho. Kwetu msiba haurukwi na msiba mwingine. Ukiingia wa pili kabla ya kunyoa wa kwanza, yote miwili inaungana na siku zinaanza upya. Wazee walikaa kidogo tu wakatoa jibu: kunyoa ni Jumamosi ya wiki ijayo.

Jumamosi ile ilikuwa siku moja baada ya tarehe iliyopigiwa mstari.

Hapa ndipo mtu angetakiwa aende kwa shangazi aseme, shangazi, ile barua ina siku. Shangazi alikuwa mkali lakini hakuwa mjinga. Kulikuwa na njia. Kila mila ina mlango wake. Nilishaona mtu akitolewa uwanjani na kupakwa majivu kwenye paji la uso ili aende kumpeleka mtoto hospitali, kisha akarudi akaketi. Wangempaka majivu, angekwenda Bunda, angerudi. Au ningeweza kwenda mwenyewe Bunda nikalipe simu kwa jina lake. Sikuwa mwenye kukatazwa kutoka; mimi ni mtoto wa kike.

Sikwenda. Siku saba nilichota maji, nilisonga ugali wa watu mia, nililia walipolia. Na kila siku nilijua ni siku ya ngapi.

Siku ya Alhamisi nilimpelekea kaka uji pale kwenye moto. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi.

"Ijumaa iliyopita hukwenda ofisini, na ya kesho nayo itapita," akaniambia polepole, asisikike. "Nikitoka hapa tutapitia pale kwanza, kabla hata ya nyumbani."

"Ndiyo, kaka," nikasema.

Akanywa uji wake.

Mara nyingi nimejiuliza kwa nini, na jibu ni lile lile. Sikutaka aende. Sikutaka kurudi kwenye kona. Mila ilinipa mahali pa kujificha nami nikajificha. Sikuwa na nia ya kumharibia maisha. Nilitaka tu maisha yangu yasibadilike, na nikaona gharama yake anaweza kuilipa mtu mwingine.

Jumamosi wakanyoa. Kaka akatoka kichwa cheupe, anaonekana kama mtoto. Nikampa barua mbele ya shangazi. Aliichana, akasoma. Uso wake ulifunguka kabisa, kama wa mtu aliyeitwa kwa jina lake na watu wengi. Kisha akafika chini.

"Hii ilifika lini?"

"Tarishi aliileta siku ya rambirambi. Shangazi alisema ingoje moto uzimwe."

Akamgeukia shangazi. Shangazi akasema, "Mwanangu, kwani chuo kinahama?"

Kaka aliitia barua mfukoni. "Hapana, shangazi," akasema. "Hakihami."

Akaondoka muda ule ule kwa lori la samaki, na nguo alizovaa. Bunda posta ilikuwa imeshafungwa, akaendelea mpaka Mwanza, akapanda treni kwenda chuoni kwenyewe. Alirudi baada ya wiki tatu, amekonda. Alinieleza alivyosimama kwenye dirisha la ofisi ya chuo siku mbili. Mama mmoja wa pale alimsikiliza mpaka mwisho, na alimwonea huruma.

"Kaka yangu, maelezo yako ni mazuri," mama yule alimwambia. "Lakini kitanda kina mtu. Ulipokaa kimya tulimwita anayefuata."

"Nilikuwa msibani."

"Kila mtu anafiwa, kaka. Omba tena mwakani."

Nilitegemea atamlaumu shangazi. Hakumlaumu. Majirani walipokuwa wakisema, hao wazee wa kijijini wamekuponza, yeye alikuwa akijibu, "Hapana. Baba nilikuwa naye mmoja. Walifanya lililo sawa." Alitutetea. Mimi nilikuwa nakaa pale pale nampepetea mchele, nasikia ninavyotetewa.

Mwaka huo pesa ikaenda kama alivyosema. Msiba ulikula, watoto wangu walikula, kodi ilikula. Hata hivyo aliomba tena, akisema ndugu wangemchangia. Nyaraka zile zile, mhuri ule ule. Yule hakimu wa Butiama akaandika barua nyingine. Nami nikarudia kwenda ofisini kila Ijumaa, na safari hii, naapa, nilikuwa naomba Mungu ikubali.

Barua ilikuja. Nilikimbia nayo kutoka ofisini mpaka nyumbani na kanga inaniponyoka. Kaka akaifungua akiwa amesimama mlangoni. Akasoma kimya. Kisha akanitafsiria, neno kwa neno, kwa sauti ya mtu anayesomea watu tangazo.

"Wanasema nafasi ni chache. Wanasema mwaka jana nilipewa nafasi na sikuitumia. Kwa hiyo, mwaka huu na kuendelea, watawapa kipaumbele wale ambao hawajawahi kupewa."

"Na kuendelea?"

"Na kuendelea."

Aliikunja barua, akaketi kwenye kigoda. Akasema, kama anajisemea, "Laiti hata ningeijua ile tarehe."

Hapo nikashindwa. Nilimwambia yote. Nilimwambia kuhusu mvuke wa sufuria na ugali kwenye bahasha. Nilimwambia nilihesabu kwa vidole. Nilimwambia siku ya uji nilikuwa najua imebaki siku moja. Nilimwambia kuhusu kona, na dhahabuni, na sauti ya shangazi. Sikuomba msamaha kwa sababu sikujua ningeombaje.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa ameshika magoti, akauliza swali moja tu, kama lile ambalo wakili angeuliza.

"Shangazi alijua tarehe?"

"Hakujua."

"Basi," akasema.

Jioni hiyo alikula nilichopika. Kesho yake pia. Lakini Ijumaa iliyofuata alivaa viatu akaenda ofisini mwenyewe kuchukua barua, na hakunituma tena maisha yake yote. Baada ya miezi michache alipata kazi Bunda kwa mnunuzi binafsi wa pamba, kazi ya kusimama kwenye mzani na kusema hii daraja la kwanza, hii la pili. Alihamia huko, akapanga chumba. Kodi ya vyumba vyetu Musoma aliendelea kunitumia kwa dereva wa basi, mwezi hadi mwezi, bila maneno. Hivyo nilipata nilichokitaka. Sikurudi kwenye kona. Nilikaa Musoma na wanangu, na hakuna aliyenicheka.

Rufaa iliitwa mwishowe. Kaka alisimama kama mrithi wa baba, kwa hiyo safari hii hawakuweza kumwambia aketi. Nilikuwepo. Alisema ukweli wote, kuhusu mihogo na makaburi na miaka, akasema vizuri kwa Kiswahili. Wakili wa upande wa pili akasimama, akataja kifungu kimoja kwa Kiingereza, kwamba jambo lile lilitakiwa kuletwa kwa utaratibu mwingine na muda wake umepita. Kaka aliuliza kama anaweza kusomewa hicho kifungu. Kikasomwa. Aliinamisha kichwa. Tukashindwa. Siku hizi tukitaka kusafisha kaburi la baba tunabisha hodi kwanza.

Tulisalimiana vizuri miaka yote iliyobaki. Krismasi alikuja Musoma na nyama na nguo za watoto. Alinitania kuhusu unene wangu. Mtu aliyetuangalia kwa nje hangeona kitu. Hakuoa. Alikuwa na rafu ya vitabu vya sheria, amevinunua kuukuu kimoja kimoja, na watu wa Bunda wenye mashauri ya mashamba walikuwa wakimwendea awaandikie maombi. Aliandika bure. Mawakili walimwita bwana shamba.

Alifariki kwa homa ya wiki mbili. Nilimwuguza wiki ya pili yote. Nilingoja aseme neno, lolote. Aliniomba maji, na akaniuliza kama watoto wamefunga shule.

Kabla ya mazishi, katekista alikuja na daftari kuandika wasifu wa marehemu utakaosomwa kanisani. Aliniuliza mimi kwa kuwa ndimi niliyemwuguza. Kuzaliwa, ubatizo, shule. Elimu ya juu, nikasema digrii ya kilimo.

"Watu wanasema alikuwa msomi wa sheria pia," katekista akasema. "Niweke?"

"Alikubaliwa chuo cha sheria," nikasema. "Hakwenda. Barua yake niliificha mimi mpaka nafasi ikapita. Andika hivyo."

Kalamu yake ilisimama. Aliniangalia kama unavyomwangalia mtu ambaye uchungu umemzidi.

"Dada, pole sana. Hayo hayaandikwi kwenye wasifu."

"Ndivyo ilivyokuwa, mwalimu."

"Najua una majonzi. Jikaze, dada. Niachie mimi, nitaliweka vizuri."

Siku ya mazishi niliketi benchi la mbele na wanangu. Kanisa lilijaa, wakulima wengi kutoka Nyamuswa na Kibara, watu aliowaandikia maombi. Katekista akasoma kwa sauti nzuri. Alipofika kwenye elimu akasoma digrii, akatulia kidogo, akaendelea: "Marehemu alikuwa pia na nia ya kusomea sheria ili awasaidie wanyonge, lakini Mungu alipanga vingine."

Watu wakaguna kwa huruma. Shangazi, aliyekuwa mzee sana wakati huo na haoni vizuri, alinishika mkono akasema, "Amina." Walio nyuma yangu wakasema amina. Wote walikuwa wanatazama jeneza, na mimi nilibaki nimeketi pale, mkono wangu mkononi mwa shangazi, nimefunga mdomo.